Mate ya inzi na sindano ya materinite: Michael Berridge alikuwa anatafuta nini?

Katika materinite nyingi za Kivu, Ituri na Maniema, mtoto akishatoka tu, mzalishaji anamchoma mama sindano kwenye paja. Dawa yenyewe inaitwa ositosini. Inafanya kizazi kikaze, mishipa ibanwe, damu ipungue. Wamama wengi wanaijua ile sindano hata kama jina lake hawalijui. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wachache wanaliuliza. Ositosini haiingii ndani ya seli za kizazi. Inafika mlangoni, inagusa, inabaki nje. Sasa nani anapeleka habari ndani mpaka msuli ukaze?

Jibu lilikamilika mwaka 1983, na halikutoka materinite. Lilitoka kwenye mate ya inzi. Mtu aliyefuata hayo mate kwa zaidi ya miaka 15 ni Michael Berridge, mzaliwa wa kusini mwa Afrika aliyefanya kazi Uingereza mpaka uzeeni. Jina lake halisikiki sana huku Mashariki. Ila mambo aliyochunguza yanafanyika kila siku ndani ya mwili wa mama anayezaa, wa mgonjwa wa kolera, hata wa mtu anayetibiwa ugonjwa wa akili.

Kwanza, mkojo wa mdudu

Berridge alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1938 huko Gatooma, mji mdogo wa Rhodesia ya Kusini. Leo nchi hiyo ni Zimbabwe na mji unaitwa Kadoma. Alisoma elimu ya wanyama na kemia katika chuo kikuu kilichokuwa bado kipya huko Salisbury, yaani Harare ya leo. Mmoja wa walimu wake alikuwa Eina Bursell, mtaalamu wa mbung'o, yule inzi anayeuma na kuleta ugonjwa wa malale, ambaye watu wa Maniema na wa mabonde ya mito wanamfahamu vizuri. Bursell alikuwa anachunguza namna mbung'o anavyotunza maji mwilini katika nchi ya joto. Kijana Berridge akapenda hiyo njia ya kuuliza: mdudu mdogo hivi anafanyaje asikauke?

Alimaliza masomo mwaka 1960, akaenda Cambridge, Uingereza, kufanya udaktari wa sayansi chini ya Vincent Wigglesworth, mtu aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika elimu ya mwili wa wadudu. Kazi yake ilikuwa juu ya mdudu mwekundu anayeharibu pamba, na swali lilikuwa namna huyo mdudu anavyotoa uchafu mwilini. Kwa maneno mengine, mkojo wa mdudu. Mtu anaweza kucheka. Lakini mdudu hana figo kama za mtu. Ana vijibomba vyembamba ambavyo vinavuta chumvi kutoka kwenye damu, na maji yanaifuata chumvi. Hapo njo Berridge alijifunza sheria aliyotembea nayo maisha yote: mwili hauna pompi ya maji. Ukitaka kuhamisha maji, unahamisha chumvi, na maji yatafuata yenyewe.

Chumvi ndani, chumvi nje

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina ukuta mwembamba wa mafuta, na chumvi haipiti kwenye mafuta. Chumvi ikiyeyuka ndani ya maji inagawanyika kuwa vipande vidogo vyenye umeme, ambavyo wanasayansi wanaviita ioni. Chumvi ya jikoni inatoa ioni za sodiamu na za kloridi. Ndizi na maharagi yana potasiamu nyingi. Kalsiamu ni ile ya mifupa, ya maziwa, na ya sambaza wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Kwa sababu ukuta unazuia, seli inaweka milango na pompi, zote zimetengenezwa kwa protini. Mlango ukifunguka, ioni zinapita zenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uhaba, sawa vile watu wanavyotoka kanisani ibada ikiisha. Pompi ni kitu kingine: inazisukuma ioni kupanda mlima, na inakula nguvu. Mdanish mmoja, Jens Skou, aliipata pompi ya sodiamu na potasiamu mwaka 1957 akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa wa baharini. Alingoja miaka 40 kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia, mwaka 1997.

Kuhusu kalsiamu yenyewe, hadithi ni ya zamani zaidi. Karibu na mwaka 1882, daktari wa London aitwaye Sydney Ringer alikuwa anaweka moyo wa chura ndani ya maji ya chumvi ili aone unaendelea kupiga muda gani. Ulipiga vizuri. Baadaye ikajulikana kwamba ile chumvi ilichanganywa na maji ya bomba ya mji. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ulichoka na kusimama. Kumbe maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu kidogo ndani yake, na bila kalsiamu hiyo moyo haukazi. Ringer akatengeneza mchanganyiko wake, na miaka kama 50 baadaye daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, akauongezea laktati. Ndiyo ile seromu ya Ringer lakteti inayotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa wa kolera Uvira, Goma au Kalemie.

Kalsiamu ina tabia yake. Seli haiitaki ndani. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani mara 10,000 hivi, na pompi zinafanya kazi usiku na mchana kuitoa, au kuifungia kwenye depo zilizo humo humo ndani ya seli. Sababu moja ni kwamba kalsiamu ikikutana na fosfati inaganda kama jiwe, na seli inatumia fosfati kwa nguvu zake zote. Lakini hali hiyo inaleta faida: mahali palipo kimya kabisa, hata mnong'ono unasikika. Kalsiamu kidogo ikivuja tu, seli nzima inajua kwamba kuna jambo.

Tezi ndani ya mafuta

Baada ya Cambridge, katikati ya miaka ya 1960, Berridge alienda Marekani, kwanza Virginia, halafu Cleveland. Huko akachagua inzi: wale wakubwa wanaong'aa rangi ya bluu, wanaokimbilia nyama iliyoanza kuoza. Tezi zao za mate ni mirija miwili mirefu, ukuta wake una unene wa seli moja tu, na seli hizo karibu zote ni za aina moja. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi. Kwenye ini au figo ya mnyama, seli za aina nyingi zimechanganyika, na huwezi kujua nani amefanya nini.

Alitoa tezi, akaiweka kwenye tone la maji ya chumvi ndani ya mafuta, akavuta mwisho wake nje ya tone, akakaa anahesabu matone ya mate yanayotoka. Vifaa havikuwa vya ajabu: darubini, mafuta, subira. Tezi iliyotulia haikutoa karibu chochote. Alipoongeza serotonini kidogo sana, mate yalianza kutoka kwa nguvu kabla dakika haijaisha. Akiiosha serotonini, mate yanasimama. Akiirudisha, yanaanza tena. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Patel waliandika kuhusu jambo hilo katika jarida la Science.

Kwa nini mate yanatoka? Sheria ni ile ile ya mkojo wa mdudu. Serotonini inafanya seli isukume potasiamu upande wa ndani wa mrija, kloridi inafuata kupitia milango yake, na maji yanafuata zote mbili.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana sheria hii imeua watu wengi katika eneo hili. Mdudu wa kolera akiingia tumboni hatoboi utumbo. Anatoa sumu ambayo inailazimisha seli ya utumbo kuacha mlango wa kloridi wazi. Kloridi inatoka, sodiamu inafuata, maji yanafuata, na hakuna wa kufunga. Mtu mzima anaweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa siku moja. Wakaaji wa Goma wenye umri hawajasahau Julai 1994, wakati kolera na kuharisha damu vilipoua wakimbizi makumi ya maelfu katika wiki chache, juu ya mawe ya volkano ambapo hata kaburi halikuweza kuchimbwa.

Na dawa yake inatumia sheria ile ile kwa kuigeuza. Mwaka 1960 Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba utumbo una mlango mwingine, unaoingiza sodiamu kama tu imeshikana mkono na sukari. Sumu ya kolera haiufungi mlango huo. Njo maana maji ya chumvi peke yake hayasaidii, na maji ya sukari peke yake hayasaidii, lakini yakichanganywa kwa kipimo yanarudisha maji mwilini. Pakiti ya sero ya kunywa ya tangu 2002, kwa lita moja, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za sukari ya glukosi, pamoja na potasiamu kloridi gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Pakiti ikikosekana nyumbani, kipimo kinachofundishwa ni vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi inaleta hatari, usiongeze kwa kubahatisha. Na anayeharisha maji mengi apelekwe kituo cha afya huku anakunywa njiani.

Turudi kwa inzi.

Sentineli na mtoto wa ndani

Fikiria nyumba yenye ukuta na sentineli mlangoni. Mgeni anakuja na ujumbe. Sentineli hamruhusu kuingia. Anausikia ujumbe, halafu anamwita mtoto wa nyumbani: kimbia, ukamwambie baba. Mgeni ni mjumbe wa kwanza, mtoto ni mjumbe wa pili. Serotonini, ositosini, adrenalini na homoni nyingine nyingi ni wageni wa namna hiyo. Sentineli ni protini iliyo kwenye ukuta wa seli, kwa jina la kitaalamu kipokezi. Nani basi ni mtoto?

Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kujulikana, na alipatikana huko huko Cleveland miaka kadhaa mbele ya Berridge kufika. Earl Sutherland na wenzake walimgundua, jina lake fupi ni siklik AMP, na Sutherland alipewa Nobel mwaka 1971. Watu wengi walifikiri mambo yamekwisha: siklik AMP anapeleka habari zote. Tezi ya inzi ilikataa. Berridge aliporudi Cambridge mwaka 1969, aliona kwamba serotonini inafanya kazi kwa njia mbili. Siklik AMP inawasha kusukuma potasiamu. Lakini milango ya kloridi inafunguliwa na kitu kingine, na kitu hicho ni kalsiamu, ambayo inapanda ghafla ndani ya seli.

Swali likawa gumu zaidi. Serotonini iko nje ya ukuta. Depo za kalsiamu ziko ndani. Katikati kuna nini?

Fununu ilikuwepo tangu 1953. Mke na mume, Mabel na Lowell Hokin, walikuwa wameona kwamba kongosho la njiwa likiamshwa, mafuta fulani ya ukuta wa seli, yenye sukari iitwayo inositoli, yanavunjwa na kujengwa upya haraka. Kwa miaka 20 hakuna aliyejua maana yake. Mwaka 1975 Robert Michell wa Birmingham aliandika kwamba kuvunjwa kwa mafuta hayo lazima kuna uhusiano na kalsiamu. Wengi hawakukubali. Wengine walisema ni kinyume, kwamba kalsiamu njo inavunja mafuta, si mafuta yanayoita kalsiamu.

Berridge alikuwa na tezi inayoweza kuamua huo ugomvi. Pamoja na Mmarekani John Fain, mwaka 1979, alifanya jaribio ambalo uzuri wake uko katika urahisi wake. Waliichokoza tezi kwa serotonini muda mrefu, mpaka akiba ya mafuta hayo ikapungua. Kalsiamu ikaacha kuitika. Halafu wakaipa tezi inositoli, ili ijenge mafuta upya. Kalsiamu ikaitika tena. Kama duka limeishiwa unga na mikate imekosekana, ukileta unga mikate ikarudi, hakuna haja ya kubishana sana juu ya nini kinatengenezwa na nini.

Dawa ya wagonjwa wa akili inaingia labo

Kilichobaki kilikuwa kumkamata mjumbe mwenyewe, naye anakaa sekunde chache tu halafu anavunjwa. Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Litiamu ni chumvi inayopewa watu wenye ugonjwa wa akili unaopanda na kushuka: wiki hizi mtu ana furaha kupita kiasi na halali, wiki zile hataki hata kuamka. John Cade wa Australia alionyesha faida yake mwaka 1949. Miaka 30 baadaye watafiti waliona kwamba litiamu inaziba kimeng'enya kinachomalizia kuvunja mabaki ya inositoli. Berridge akafikiri: nikiweka litiamu, mabaki yatajaa, na nitaweza kuyapima.

Yalijaa kweli. Na kwa kuyapima aliona kwamba kitu kinachotoka kwanza kabisa, mara tu serotonini inapogusa tezi, mbele hata ya mate kuanza, ni kipande chenye inositoli moja na fosfati tatu. Jina lake refu ni inositoli trisfosfati. Wataalamu wanaiita IP3.

Ilibaki kuonyesha kwamba IP3 inafungua depo za kalsiamu. Seli za inzi zilikuwa chache mno kwa kazi hiyo. Huko Frankfurt, Ujerumani, Irene Schulz na Hanspeter Streb walikuwa na seli za kongosho la panya ambazo ukuta wake umetobolewa, kwa hiyo unaweza kutia kitu ndani moja kwa moja. Robin Irvine, mwenzake wa karibu na Cambridge, aliweza kutengeneza IP3 safi kidogo kutoka kwenye chembe za damu. Waliiweka. Kalsiamu ikatoka kwenye depo mara moja. Makala ilitoka katika jarida la Nature mwezi wa 11 mwaka 1983, kurasa tatu, majina manne: Streb, Irvine, Berridge, Schulz. Ukiangalia hesabu, kwa kila jina moja pale kulikuwa na kitu ambacho wengine watatu hawakuwa nacho.

Mambo yalikimbia baada ya hapo. Katika miezi michache labo nyingi ziliona jambo lile lile kwenye ini, kwenye ubongo, kwenye misuli ya mishipa. Huko Kobe, Japani, Yasutomi Nishizuka alikuwa ameonyesha kwamba kipande cha pili cha yale mafuta, kile kinachobaki ukutani, nacho ni mjumbe. Kumbe mafuta yakikatwa mara moja tu yanatoa wajumbe wawili. Mwaka 1989 Berridge na Nishizuka walipewa tuzo ya Lasker pamoja na watafiti wengine wawili, halafu wakagawana ile ya Wolf. Nobel haikuja kwa Berridge, na wengi katika fani hiyo bado wanaona ni kasoro ya waamuzi.

Kizazi, na mti wa Kasai

Sasa swali la sindano lina jibu. Ositosini inagusa kipokezi kwenye seli ya kizazi. Mafuta ya ukuta yanakatwa, IP3 inatoka, inafika kwenye depo, kalsiamu inafunguliwa, na nyingine inaingia kutoka nje. Msuli unakaza, mishipa iliyokuwa imelisha kondo inabanwa. Kutoka damu nyingi baada ya kuzaa ni moja ya sababu kubwa kabisa za vifo vya wamama duniani, na Shirika la Afya Duniani linashauri yuniti 10 za ositosini kwa kila mama anayezaa. Dawa hiyo inaharibika kwenye joto. Inapaswa kukaa kwenye frigo, kati ya digrii 2 na 8. Chupa iliyokaa siku nyingi kwenye dirisha la jua inaweza kuonekana safi kabisa, na bado haina nguvu ya kugusa sentineli.

Dawa nyingine za materinite zinagusa njia hii hii ya kalsiamu kwa upande mwingine. Nifedipini, inayoshusha presha ya mama mjamzito, inafunga milango ambayo kalsiamu inapitia kuingia kwenye misuli ya mishipa. Na mama aliyepewa salfati ya magnesiamu kwa sababu ya kifafa cha mimba, dawa ikimzidi mpaka pumzi inapungua, kinachotumika kumwokoa ni kalsiamu glukonati kwenye mshipa. Zahanati yenye ya kwanza lazima iwe na ya pili.

Kongo yenyewe ina sehemu yake katika hadithi hii, na si ndogo. Mwaka 1960 daktari wa Norwe aitwaye Lorents Gran alikuja Luluabourg, Kananga ya leo, na Msalaba Mwekundu. Aliona kwamba wamama wenye uchungu walikuwa wanakunywa chai ya majani fulani yanayoitwa kalata-kalata ili mtoto atoke haraka, na kwamba kizazi kilikaza kwa nguvu mno, mpaka wengine wakahitaji kupasuliwa. Alipeleka majani hayo kwao na akatoa ndani yake protini ndogo sana, ambayo kwa heshima ya jina la wenyeji ikaitwa kalata. Baadaye ilionekana kwamba protini hiyo imefungwa kama kamba yenye fundo isiyo na mwanzo wala mwisho, njo maana haikuharibika hata kwa kuchemshwa. Na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba moja ya protini za mti huo inagusa kipokezi kile kile cha ositosini, yaani inafungua njia ile ile aliyoifuata Berridge kwenye inzi.

Wale wamama wa Kasai walikuwa wamekwisha kuupata mlango. Walichokosa ni kipimo. Chai ya majani haina miligramu: leo ni nyepesi, kesho ni kali, na kizazi kinachokaza bila kupumzika kinaweza kupasuka au kumnyima mtoto hewa. Kwa hiyo habari hii haimshauri mama yeyote kunywa majani wakati wa uchungu.

Ishara zinazopiga kama ngoma

Kuanzia 1990 Berridge alikuwa Babraham, kijiji kilicho karibu na Cambridge, akiongoza kazi ya ishara za seli. Jambo lililomshughulisha huko ni kwamba kalsiamu haipandi na kukaa juu. Inapanda, inashuka, inapanda tena, kama ngoma. Alikuwa amelihisi mapema, kwa kuona umeme wa tezi ya inzi unapanda na kushuka. Mwaka 1986 watafiti wengine wa Uingereza waliona kalsiamu yenyewe inafanya hivyo katika seli moja ya ini, wakitumia protini ya kiumbe cha baharini kinachotoa mwanga. Homoni ikiwa kidogo, mapigo ni ya polepole. Homoni ikiongezeka, mapigo yanakaribiana. Seli inasoma mwendo wa ngoma, siyo tu ukubwa wa sauti yake. Hata yai la mama linapokutana na mbegu ya baba linaanza na mapigo kama hayo. Mbegu inaleta kimeng'enya kinachotoa IP3, na kwa saa kadhaa kalsiamu inapiga ndani ya yai kabla halijaanza kugawanyika.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1998. Aliendelea kuandika akiwa mzee, na kitabu chake kikubwa juu ya ishara za seli aliweka kwenye intaneti kila mtu asome bure. Alikufa Februari 2020, akiwa na miaka 81.

Kuhusu litiamu, yeye na wenzake Peter Downes na Michael Hanley walikuwa wametoa wazo mwaka 1982: labda dawa hiyo inatuliza akili kwa sababu inapunguza inositoli kwenye ubongo, na seli zilizokuwa zinapiga kelele kupita kiasi zinakosa unga wa kutengenezea wajumbe. Seli zilizotulia hazigusiwi sana. Miaka zaidi ya 40 imepita. Litiamu bado inatolewa, bado inawasaidia wagonjwa wengi, lazima ipimwe kwenye damu kwa sababu kati ya kipimo kizuri na sumu nafasi ni ndogo, na wataalamu bado wanabishana kama Berridge alikuwa na haki juu yake.